Kuvuka Rusumo kwa Gari Lako Bila Kumwaga Hela

Ukifika Lusahunga na familia kwenye gari, sehemu nene ya gharama ya safari iko nyuma yako. Kama umetoka Dar es Salaam, umeshapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi. Kama umetoka Mwanza, umeshapita Geita, Bwanga na Biharamulo. Mbele zimebaki kilomita 92 hadi daraja la Mto Kagera pale Rusumo, na ng'ambo ya daraja ni Rwanda. Wengi wakifika hapa ndipo huanza kushika pochi kwa mikono miwili, wakidhani mpaka ndio utakaowamaliza. Hapana. Mtanzania halipi viza kuingia Rwanda, Burundi wala Uganda, na daraja halina tiketi. Hela ya mpakani hupotelea kwingine: kwenye karatasi iliyosahaulika nyumbani, kwenye saa uliyofika, na mfukoni mwa mtu aliyekusaidia jambo ambalo ungelifanya mwenyewe.

Waingereza wanaopeleka magari yao ya kulala Ufaransa wana hesabu yao. Kati ya Dover na Calais nauli ya kivuko hupanda na kushuka kwa siku, saa, msimu na ukubwa wa gari, na wanaopakia gari kwenye treni ya chini ya bahari pale Folkestone hukutana na mtindo huohuo. Anayeokoa hela huko ni aliyekata tiketi mapema na kukubali kuvuka saa ambayo wenzake wamelala. Sisi wa njia hii tunakata bima na vibali mapema badala ya tiketi, na saa ya kuvuka tunaichagua kwa sababu ya malori.

Vivuko vya njiani navyo vinaanza kutoweka. Zamani anayetoka Mwanza alipanga siku nzima kwa ajili ya Kigongo na Busisi, maana foleni ya kivuko pamoja na kuvuka kwenyewe vilikula saa mbili na zaidi. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, ng'ambo unafika kwa dakika chache. Kivuko cha Kamanga bado kina faida yake kwa anayeanzia katikati ya jiji la Mwanza, lakini ukiwa na Noah iliyojaa watoto na magodoro, daraja ndilo la kuchagua.

Kabla ya yote, jiulize kama gari linahitajika

Swali hili watu hawalipendi, kwa sababu gari ni raha na ni heshima pia. Lakini kama mko wawili na mnakwenda Kigali tu, acheni gari. Pandeni basi hadi Rusumo, vukeni kwa miguu mkiwa na mabegi yenu, kisha chukueni basi la Rwanda hadi stendi ya Nyabugogo. Huko nauli za mabasi hupangwa na mamlaka ya udhibiti, kwa hiyo hakuna kupigwa bei kwa sababu ya lafudhi. Mtaokoa mafuta, bima ya nje, maegesho ya jiji na maumivu ya kiuno.

Mkifika wanne au watano hesabu inageuka, na kwa sita gari linashinda bila ubishi. Tuseme gari lako linakwenda kilomita 10 kwa lita. Kutoka Lusahunga hadi Kigali ni kama kilomita 250, yaani kwenda na kurudi ni lita 50 hivi. Gawanya bei ya lita hizo kwa watu sita, ongeza bima, halafu linganisha na nauli za watu sita kwenda na kurudi. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujamwahidi mtu yeyote safari.

Karatasi ndiyo tiketi yako

Anza na watu. Kitambulisho cha taifa hakimvushi Mtanzania. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakitembeleana kwa vitambulisho tangu 2014, lakini Tanzania haikujiunga na utaratibu ule, na kila siku kuna anayefika Rusumo akiwa na kadi ya NIDA mkononi na uso wa kushangaa. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kama familia ni kubwa na safari ni hii moja tu, ulizia hati ya dharura ya kusafiria kwenye ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wako. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya pasipoti, na kwa nchi za Afrika Mashariki inatosha. Watu watano wakipata hati badala ya pasipoti, tofauti yake inalipa malazi ya siku kadhaa. Ila kama unajua utasafiri tena mwakani, lipia pasipoti na umalize.

Watoto nao wanahitaji hati zao wenyewe. Beba vyeti vyao vya kuzaliwa, na kama mzazi mmoja amebaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa yenye sahihi na namba ya simu inayopatikana. Shangazi anayesafiri na watoto wa kaka yake asiondoke bila barua hiyo hata kama majina ya ukoo yanafanana.

Kisha gari. Kadi ya gari iwe halisi, na jina lililomo liwe la mtu aliyemo safarini. Kama gari ni la mume na mke ndiye anayeendesha, au ni la kampuni, au umeazima kwa shemeji, pata barua ya idhini iliyogongwa muhuri na wakili au hakimu. Kama kadi imeshikwa na benki kwa sababu ya mkopo, omba benki ikupe nakala na barua ya kuruhusu gari litoke nchini. Omba mapema, kwa sababu barua ya benki haina haraka ya mtu yeyote. Na kabla ya kuondoka angalia deni la gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Kosa moja ni shilingi 30,000, na madeni haya yana tabia ya kujitokeza mbele ya trafiki siku ambayo una wageni garini.

Halafu bima, na hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa. Kuna kadi mbili zinazoitwa za njano. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya mtu. Nyingine ni ya bima ya gari chini ya mpango wa COMESA, ambao Tanzania iliendelea nao hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Hiyo ya pili inalipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine ng'ambo: ukigonga pikipiki, ng'ombe au ukuta wa mtu. Inakatwa kwa siku unazohitaji na inataja nchi unazokwenda. Ikate kwenye kampuni iliyokupa bima yako ya kawaida, ukiwa nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukingoja uikate mpakani kwa mtu aliyesimama na mkoba, utalipa bei ya mtu asiye na njia nyingine. Taja siku zako kwa uaminifu na ongeza moja au mbili za dharura, kwa kuwa kukata mwezi mzima kwa safari ya wiki ni kugawa hela.

Kumbuka pia kwamba kadi hiyo hailipi gari lako mwenyewe. Mwenye bima kubwa aulize kwa maandishi kama bima yake inavuka mpaka. Mara nyingi inaishia ndani ya nchi mpaka uombe iongezwe, na nyongeza hiyo ni nafuu kuliko bampa moja ya Noah.

Kuhusu chanjo, beba kadi yako hata kama safari iliyopita hakuna aliyeiuliza. Biharamulo yenyewe ilipata mlipuko wa Marburg uliotangazwa Januari 2025 na kumalizika Machi, na Rwanda ilikuwa na wake miezi michache kabla. Tangu hapo ukaguzi wa afya kwenye mipaka ya huku ni jambo la kawaida. Mtoto mwenye homa anaweza kuwekwa pembeni akaangaliwe, na safari nzima ikamngoja.

Mafuta

Bei ya mafuta Tanzania ina kikomo kinachotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya. Piga *152*00# ufuate maelekezo, utaiona kwenye simu hata ukiwa njiani Nyakahura. Mafuta yanayokuja huku husafirishwa kutoka bandarini kwa malori, na kadiri yanavyosogea magharibi ndivyo usafiri unavyoongezwa kwenye bei. Kahama huwa nafuu kuliko Biharamulo, na Biharamulo huwa nafuu kuliko Ngara. Tofauti yenyewe ni ndogo, haifai kuzungusha gari kwa ajili yake. Kama unapita Kahama hata hivyo, jaza pale. Kama safari yako inaangukia mwanzoni mwa mwezi, angalia tangazo kabla hujajaza.

Cha maana zaidi ni kuvuka ukiwa na tangi limejaa. Mafuta yaliyo ndani ya tangi la kawaida la gari hayalipiwi ushuru, na ukijaza Lusahunga, au Benaco kabla ya mpaka, unaweza kufika Kigali na kurudi karibu bila kugusa sheli ya ng'ambo. Kwa anayekwenda Burundi hili si suala la bei tena. Burundi imekuwa na uhaba mkali wa mafuta kwa miaka kadhaa sasa, na magari hulala kwenye foleni za vituo. Usiingie Burundi na nusu tangi ukitumaini. Na usijaze madumu nyuma ya gari lenye watoto. Ushuru wake ni tatizo dogo kuliko moto.

Siku na saa ya kuvuka

Barabara hii ni ya malori. Mizigo ya Rwanda, Burundi na sehemu ya Kongo inayoshukia bandari ya Dar es Salaam inapita hapahapa, na ndiyo maana lami ya Lusahunga hadi Rusumo iliwahi kuchakaa mpaka ikaingizwa kwenye mradi wa ukarabati unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Madereva wa malori wengi hulala Nyakanazi, Lusahunga au Benaco na kuamsha injini alfajiri. Ukitoka nao pamoja utawafuata kilomita zote 92, ukinusa breki zao kwenye miteremko. Ama watangulie kwa muda, au ondoka mara tu kunapopambazuka kabla hawajamaliza chai.

Usiendeshe usiku kati ya Lusahunga na Rusumo. Zamani mabasi ya huku yaliungana na kupita kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi wa porini. Hali imebadilika sana, lakini usiku bado kuna malori yaliyoharibika yakiwa yameegeshwa kwa alama ya matawi ya miti tu, kuna ng'ombe, na porini kuna wanyama. Kama uko na Kosta, kumbuka pia mizani ya Nyakahura. Gari dogo halihusiki.

Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Saa tatu asubuhi ya Rusumo upande wetu ni saa mbili upande wao. Ukienda unapata saa ya bure, ukirudi unadaiwa, na anayesahau hilo siku ya kurudi hujikuta Biharamulo usiku akitafuta gesti.

Kuna asubuhi moja ya kuepuka: ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Wanyarwanda wote, na hadi saa tano asubuhi ya kwao, yaani saa sita mchana ya kwetu, maduka yamefungwa na magari barabarani husimamishwa. Vuka Ijumaa au vuka mchana. Na ukiwa na mpango wa likizo ya Aprili, jua kwamba kuanzia tarehe 7 Rwanda inaingia kwenye wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari. Nchi iko wazi, barabara ziko wazi, lakini si wiki ya muziki na kuchoma nyama hotelini.

Pale mpakani

Kituo cha pamoja cha Rusumo na daraja lake jipya vilijengwa kwa msaada wa Japani, na Aprili 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walivizindua. Ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi akiwa rais. Kituo kinavyofanya kazi ni hivi: unamalizia kila kitu upande unaoingia. Ukienda Rwanda, husimami kugonga muhuri upande wa Tanzania. Unavuka daraja, unaegesha, na ndani ya jengo la upande wa pili unakuta ofisa wa Uhamiaji wa Tanzania anayekutoa na jirani yake wa Rwanda anayekuingiza. Ukirudi, yote yanafanyika upande wetu.

Anayejua hilo hawezi kukamatwa na vishoka. Utawakuta kabla ya daraja, vijana wenye bahasha na jaketi za kung'aa, wepesi kuliko gari lako.

"Shikamoo mzee. Mnavuka na familia? Nipe kadi ya gari na pasipoti, nakufanyia chapuchapu, foleni ni ndefu leo."

"Marahaba kijana. Nashukuru, nitapanga mwenyewe."

"Mzee, bila ajenti watakuzungusha mpaka jioni."

Hapo mshukuru tena na ukanyage mafuta taratibu. Usimtukane, usibishane naye, na kadi ya gari isitoke mkononi mwako hata kama anaonekana mwema. Mawakala wa forodha wenye leseni wapo na wana kazi yao, ila kazi hiyo ni ya mizigo. Familia yenye mabegi na jiko la gesi haihitaji wakala.

Ndani utafanya mambo matatu: mihuri ya watu, ukaguzi wa afya, na forodha kwa ajili ya gari. Hilo la tatu ndilo wanalolisahau. Gari linahitaji kibali cha kuingizwa kwa muda, na kumbukumbu ya kutoka kwake Tanzania, ili siku ya kurudi pasiwe na anayekuuliza ushuru wa gari lako mwenyewe. Soma tarehe ya mwisho kwenye kibali ukiwa bado dirishani. Kama siku hazitoshi, sema palepale. Kuongeza kibali kabla hakijaisha ni jambo la mazungumzo. Kikishaisha ni jambo la faini.

Kuhusu malipo, shika jambo moja. Malipo halali ya serikali ya Tanzania yana kontro namba, na ya Rwanda yana risiti ya mfumo. Ukiambiwa utoe noti mkononi "ya karatasi" au "ya kuangalia gari", omba namba ya malipo kwa upole. Mara nyingi deni hufa hapohapo.

Kubadili fedha ni mahali pengine pa kuvuja. Kabla hujafika, angalia kwenye simu faranga moja ni shilingi ngapi, uandike kwenye kiganja kama mtoto wa darasa la pili ikibidi. Badilisha kiasi cha kutosha chakula na dharura za siku ya kwanza, dukani na si kwenye dirisha la gari, na uhesabu wewe mwisho, baada ya mkono wa mwisho kugusa noti. Kigali kadi za benki zinapokelewa sehemu nyingi, na laini ya MTN au Airtel ya kule ni rahisi kusajili kwa pasipoti. ATM itakutoza kila unapotoa, kwa hiyo toa mara moja kiasi kikubwa.

Na kagua gari kwa mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, miaka 11 kabla yetu, na wana macho. Karanga, vitumbua na mihogo ya kukaanga vihamishie kwenye vyombo vyenye mifuniko au mifuko ya karatasi.

Ukishika kulia

Baada ya daraja magari yanapita kulia. Ni rahisi kuliko inavyotisha, mpaka unapotaka kulipita lori kwenye vilima vya Kirehe. Usukani wako uko kulia, ukingo wa barabara uko kulia, na wewe huoni chochote mbele ya lori. Kwa hiyo kiti cha kushoto akae mtu mzima mwenye macho mazuri na akili iliyotulia, kazi yake iwe moja: kukuambia "bado" au "pita". Asipewe mtoto wa kubeba wala simu ya kuchezea. Taa nazo zina upande: za magari yetu zinamulika kushoto zikishushwa, na ukiendesha kulia zinawapiga machoni wanaokuja. Waingereza hubandika vibandiko kwenye taa kabla ya kufika Ufaransa. Wewe fika kabla ya giza.

Mwendo ndio utakaokugharimu ukizembea. Rwanda ina kamera nyingi za barabarani, nyingine zimesimama peke yake kwenye mteremko mtulivu ambapo mguu unajisahau. Sehemu nyingi ni 60 au 80. Zifuate hata kama barabara ni tupu na nzuri, na barabara ya Rusumo hadi Kayonza kweli ni nzuri. Kayonza ndiyo njia panda: kushoto ni Kigali, kulia ni Kagitumba na Uganda.

Lugha isikutie wasiwasi. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na kama una mtu wa Ngara garini mambo yamekwisha, kwa sababu Kihangaza chake kitaelewana na kila mama wa sokoni. Anayesalimia "mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" mchana hupunguziwa bei kirahisi kuliko anayeanza na "bei gani".

Mambo ya kuona yasiyokula hela yapo. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Kigali haina kiingilio, na ya Nyarubuye iko mkoa wa mashariki, pembeni ya njia yako. Kabla ya hapo, upande wetu, utakuwa umepita Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakikimbilia Ngara, na Benaco ikawa kambi kubwa kama jiji. Watoto wakubwa waambie kabla hamjafika darajani. Maporomoko ya Rusumo yako palepale, na siku hizi maji yake yanaendesha mtambo wa megawati 80 unaogawana umeme Tanzania, Rwanda na Burundi.

Kwa wanyama, hifadhi ya Akagera ina maeneo ya kupiga hema kama Muyumbu, Shakani na Mutumba, na ina simba na faru waliorudishwa kuanzia 2015. Raia wa Afrika Mashariki wana bei yao, chini ya ile ya wageni wa mbali, lakini hawaipati kwa maneno. Onyesha pasipoti ya kila mmoja getini.

Kama ni Burundi, au unataka kuzunguka

Anayekwenda Burundi hafiki Rusumo. Anakatia Nyakasanza kushoto kuelekea Ngara hadi Kabanga, na ng'ambo ni Kobero, halafu Muyinga. Nako kuna kituo cha pamoja. Mpaka huu una malori machache kuliko Rusumo na watu wake hawana haraka, jambo ambalo mimi hulihesabu kama faida. Kosa la kuepuka ni kuchora mzunguko wa kuingia Kigali na kutokea Bujumbura. Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo usiupange mzunguko huo bila kuhakikisha kwanza. Anayetaka nchi zote mbili hurudi Rusumo, anapita Ngara, anatokea Kabanga. Kwa bahati njia hiyo ni fupi na ndizi zake ni nzuri.

Mzunguko mzuri ni wa Uganda. Rusumo, Kayonza, Kagitumba, ng'ambo Mirama Hills, kisha Mbarara, Masaka na kurudi nyumbani kwa Mutukula, Bukoba, Muleba hadi Biharamulo. Uganda inashika kushoto kama sisi, na saa yake ni yetu. Bima itaje nchi zote mbili tangu mwanzo, kwa kuwa kuongeza nchi ukiwa katikati ya safari ni ghali. Kama kuna wazee au mama mwenye mtoto mchanga waliochoka na barabara, Bukoba wanaweza kupanda meli ya New Victoria usiku na kuamkia Mwanza huku dereva akimalizia na gari.

Kulala na kurudi

Lala upande wetu usiku wa kabla ya kuvuka. Gesti za Nyakanazi, Benaco na Ngara mjini zina bei ya madereva wa malori, na uwanja wenye mlinzi kwa ajili ya gari. Kwa wanaopenda kulala ndani ya gari, kubalianeni na mwenye gesti awalipishe eneo na bafu. Wengi hukubali mkiomba vizuri. Kulala pembeni mwa barabara msituni, hapana, hata kama nyota ni nyingi.

Ukirudi, weka risiti za ulivyonunua mahali pamoja na uvitangaze mwenyewe kabla hujaulizwa. Chai, kahawa na vikapu vya familia havina mgogoro, lakini katoni kumi za kitu kimoja zinaonekana ni biashara. Rudisha kibali cha muda cha gari kwa forodha na uone kinafungwa kwenye kompyuta, kisha uondoke na nakala iliyogongwa. Nakala hiyo ikae kwenye droo ya gari pamoja na kadi ya bima, kwa sababu trafiki wa kwanza baada ya daraja anaweza kuiuliza, na kutoka hapo hadi Lusahunga una kilomita 92 na saa moja pungufu.